Vibanda Utakavyokwenda Kuvitafuta

Wilondja mwanangu,

Nakuandikia wakati wewe uko hatua chache tu kutoka hapa, kanisani, unaaga wanakwaya wenzako. Besi yako naisikia mpaka mlangoni, na bado inapotea njia palepale inapopotea kila Jumamosi. Nina saa moja hivi kabla hujarudi kudai chakula. Jua bado lipo, mgongo unaniuma, na kalamu hii inaandika inapotaka yenyewe, kwa hiyo ukikuta mstari umekatika usidhani nililia. Kulia nitalia, lakini si juu ya karatasi.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia usali, ufue soksi, uchemshe maji. Hayo nimekuimbia miaka ishirini, na kama hayajaingia mpaka leo hayataingia kwa barua. Kibali chako cha kutoka kambini kiko ndani ya Biblia, basi. Kuna jambo nilitaka kukuambia usoni tangu Jumanne na nikashindwa. Kila nilipofungua mdomo nilijikuta nakuuliza kama umeshiba.

Kesho baada ya ibada unakwenda Lilongwe, mtaa wa Kawale, kwenye gereji ya Bwana Mbewe. Kazi yake umenieleza mara nyingi hata mimi naweza kuifanya. Kuna Wazungu na watu wa maofisini pale Lilongwe ambao wiki nzima wanalala kwenye magodoro mazuri, na Ijumaa ikifika wanataka kupanda pikipiki waende mlimani wakalale kwenye kibanda. Nilicheka sana siku ile. Sisi hapa tuna kibanda, kinavuja pembe mbili, na hakuna aliyewahi kuja kukiomba. Kazi yako wewe ni kutangulia: kutafuta vibanda vya walinzi wa misitu, vile walivyoviacha wajenga barabara, na nyumba za watu huko Dzalanyama na juu ya Dedza, kuona kama pikipiki inafika, kama paa linashika mvua, kama maji yako karibu, kama mwenye kibanda anakubali. Unaandika kwenye orodha. Halafu unarudi na wageni, wewe mbele, wao nyuma yako.

Unadhani ni kazi mpya, iliyobuniwa Lilongwe. Mimi nimeishi miaka tisa ndani ya kibanda cha namna hiyo, na nilikuwa upande wa pili wa mlango.

Hukumbuki pale juu, ulikuwa bado unatambaa tuliposhuka. Baba yako alikuwa mlinzi wa jite. Ndivyo tulivyoziita nyumba za wasafiri walizojenga Wabelgiji zamani kwenye njia za milima ya Fizi, kwetu Kongo, moja baada ya nyingine, mwendo wa siku moja kwa miguu. Vyumba viwili, kitanda cha mbao, bati juu, jiko nyuma, na daftari mezani ambamo mgeni aliandika jina lake na hali ya njia aliyotoka. Wabelgiji waliondoka, nyumba zikabaki, na baada yao walikuja watu wa serikali, wauguzi, makatekista, wanunuzi wa ng'ombe. Wengi kwa miguu. Wachache kwa pikipiki, moto kama tunavyoziita kwetu, na hao uliwasikia nusu saa nzima kabla hujawaona, wakipanda kona kwa kona.

Mwanzoni baba yako alilipwa. Kisha akalipwa baada ya miezi, kisha akawa anashuka mjini Uvira kuulizia mshahara na kurudi na chumvi na habari za uongo. Ukisikia mtu anasema jite ile ilikuwa na mlinzi, ujue mlinzi alikuwa mimi.

Sasa sikiliza desturi ya kwetu, maana wewe umekulia mjini na kambini na huijui vizuri. Mgeni akifika jioni haulizwi anakotoka wala anakokwenda mpaka ale. Anawekewa maji, anawekewa bukari, ugali wetu, na chochote cha kushushia, ndipo anaulizwa. Na mgeni hawezi kulazwa na njaa. Hilo halipo. Mwanamke aliyelaza mgeni njaa, habari yake inatembea mlima mzima, na binti zake wanakuja kuulizwa nayo siku ya kuposwa. Nilifundishwa hivyo na mama yangu kwa maneno na kwa kofi.

Basi jioni moja ya Novemba baba yako alikuwa ameshuka Uvira. Mimi nilikuwa na mimba yako ya miezi saba, miguu imevimba, na ndani ya nyumba hakukuwa na unga. Si kwamba ulikuwa kidogo, haukuwepo. Mchana nilikuwa nimechemsha majani ya maboga nikayanywa na maji yake. Nikasikia pikipiki inapanda. Nilikaa pale jikoni na, Mungu anisamehe, niliomba iharibike huko huko kwenye kona.

Haikuharibika. Alikuwa kijana wa kilimo kutoka Uvira, tulimwita Agronome, mwembamba, miwani yake imejaa ukungu. Alizima pikipiki akabaki amesimama, maana mikono ilikuwa imekufa ganzi.

"Mama, jambo," akasema. "Niko naomba kulala. Mvua inanifwata."

Na mimi, mwenye funguo za vyumba viwili vikavu, nikamwambia, "Jite ya mbele njo muzuri kuliko hii, papa. Iko karibu. Na moto yako, saa moja tu unafika."

"Kweli? Banasema njia iko mubaya."

"Hapana. Iko muzuri."

Jite ya mbele haikuwa na paa. Baba yako alikuwa ameniambia mwezi mmoja kabla: watu wameng'oa mabati, na miti ya daraja la mtoni wameipasua kuni. Nilijua. Sikusahau, wala sikuchanganyikiwa. Nilimtazama yule kijana akiwasha tena, akaniaga kwa heshima, akanishukuru, akaenda. Nilichohisi ni nafuu. Nimekaa miaka ishirini nikitafuta neno jingine la kuweka pale, na hakuna, ilikuwa nafuu. Mvua ikaanza kabla sauti yake haijapotea.

Baba yako alifika kesho yake mchana. Aliona alama za magurudumu uani.

"Nani alipita?"

"Agronome."

"Alilala?"

"Alienda mbele."

"Mbele wapi, bibi? Mi nilikuambia ile daraja haiko!"

Nikamwambia hatukuwa na unga. Yeye, mtu aliyekuwa ametembea siku mbili, akatua mzigo wake mlangoni. Ndani mlikuwa na unga, ndio uliokuwa unakuja. Hakuketi. Aliita wachunga ng'ombe wa jirani wakaenda naye.

Walimkuta mtoni, chini ya pikipiki yake, paja limevunjika, amenyeshewa usiku mzima. Alikuwa hai. Walimbeba kwa kipoyi, kile kiti cha kubebea mabegani, wakampitisha mbele ya nyumba yangu, na mimi nilijificha jikoni nikijifanya napuliza moto. Baba yako hakunisema hata mara moja, siku ile wala baadaye, mpaka tulipomzika kule mjini Baraka. Ningefurahi angenisema.

Lakini hilo bado si baya zaidi. Miezi mingi baadaye, wewe umeshazaliwa, lori la wanunuzi wa ng'ombe lilisimama na Agronome akashuka, fimbo mkononi, mguu mmoja mfupi. Nilijua amekuja kunilaani na nilikuwa tayari. Akanipa kitenge kipya.

"Mama, ulinielekeza muzuri," akasema. "Ni mvua njo iliniharibia. Kama haungemuambia Papa njia yenye nilifwata, bangenikuta wapi?"

Nikapokea kitenge. Nikasema asante. Ningeweza kumwambia pale pale, alikuwa mtu mpole, pengine angecheka. Sikumwambia. Nilikuvalisha kile kitenge wewe, nikakubeba nacho mgongoni mpaka kikachanika, kwa sababu kila nilipokivaa mwenyewe kilikuwa kinaniwasha.

Nakueleza haya kwa sababu kesho kutwa utaanza kuwauliza watu kama mimi. Utafika kwenye kijiji mlimani, utakuta mama amesimama mlangoni, utamuuliza kama kibanda cha juu ni kizuri, kama njia inapitika. Naye atakujibu kwa heshima. Atasema ndiyo. Watu wa hapa wana adabu kuliko sisi, wanapiga magoti kumsalimia hata mpita njia, na mtu mwenye adabu namna hiyo si rahisi akuambie hapana usoni. Usiandike kwenye orodha yako kwa sababu alisema ndiyo. Muulize nani alilala kule mara ya mwisho, na lini, na kama alirudi kwa njia ileile. Ndiyo ni rahisi kusema, lakini jina la mtu na siku aliyolala huwezi kuvibuni ukiwa umesimama na mtoto mgongoni.

Na ukifika mlangoni kwa mtu jioni, tangulia kusema una chakula chako. Kabla ya kuomba maji, kabla ya kuomba chochote, toa unga wako mfukoni auone. Agronome alikuwa na chakula, unajua? Walikuta kwenye mkoba wake mikate miwili, maziwa ya kopo na samaki wakavu wa kutosha watu watatu. Hakuvitaja kwa sababu naye alifundishwa adabu: huwezi kufika kwa watu ukaonyesha chakula chako kana kwamba wao hawana. Yeye aliona haya na mimi niliona haya, na kati ya haya zetu mbili akalala mtoni. Tungekula vizuri sana jioni ile.

Wageni wako hawatalijua hili. Watafika na mitungi yao ya gesi na sufuria zao zinazokunjwa, na mama wa watu atahangaika kukamata kuku wake wa mwisho. Wewe ndiye wa kumtuliza. Na kibanda cha mtu usikiandike kabla hujaona jikoni kwake. Sisemi umpeleleze. Lakini nyumba isiyo na moshi saa kumi na mbili jioni inakuambia kitu, na mwenye nyumba hiyo atakufukuza au atakudanganya, na wala hatakuwa mtu mbaya.

Nimeona nimeanza kuhubiri. Niache, tuje Jumanne.

Jumanne Bwana Mbewe alikuja hapa mwenyewe. Nilimkaribisha kigoda na sikuwa na sukari ya kumpikia chai, wala majani. Alitazama ukuta, alitazama mkeka, akazungumza kile Kiswahili chake alichojifunza alipokuwa fundi Mbeya. Akaniuliza, "Mama, huyu kijana milima anaiweza?"

Wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni. Ulisikia nilivyojibu.

"Uyu? Uyu alizaliwa mulimani, Bwana. Moto anaendesha tangu mutoto. Kwetu njia yote ni kupanda na kushuka."

"Hata kwenye tope? Mvua zinaanza."

"Tope njo chakula yake."

Akafurahi. Akashukuru kwa lugha yake, zikomo, zikomo, mama, basi wiki ijayo nampa wageni wanne, awapeleke Dzalanyama. Na wewe ulinitazama, kisha ukacheka. Ulicheka vizuri, mwanangu, kama mtu aliyepewa zawadi.

Umeendesha mwezi mmoja. Pikipiki ya mchungaji, kutoka hapa mpaka kwenye lami na kurudi, kiangazi, mchana, njia tambarare. Wiki ya pili ulimgonga mbuzi. Mlimani hujapanda hata kilima, na Fizi uliondoka unatambaa. Mimi nilijua hayo yote, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kwa sauti ileile ya miaka ishirini iliyopita. Mgeni amekaa mbele yangu, sina kitu cha kumpa, mtoto wangu hana kazi, na nikaona haya. Basi nikampa uongo, kwa kuwa ndio uliokuwepo ndani ya nyumba.

Nilitaka utoke hapa. Hilo ni kweli pia. Hapa palikuwa gereza kabla hawajatuleta sisi wakimbizi, na kuna asubuhi naamka nakuona umekaa ukutani na wale vijana wengine, mnatazama barabara, na naona hakuna kilichobadilika ila majina ya waliokaa. Ningesema chochote. Ningesema unaendesha ndege.

Siku nne hizi sikulala vizuri. Nilipofumba macho sikumwona Agronome, nilikuona wewe, mbele, na watu wanne nyuma yako wanaoamini kwamba unajua njia.

Kwa hiyo leo asubuhi sikwenda Chilinde kutafuta uzi kama nilivyokuaga. Uzi ninao. Nilipanda kabaza mpaka lami, yule mwenye baiskeli analalamika uzito wangu njia nzima, kisha matola, lile gari la mizigo linalobeba na watu, nimebanwa kati ya magunia. Kibali sikuwa nacho. Nilijifunga kichwa kama wanawake wa hapa na kila aliyenitazama nilimwambia zikomo, mpaka konda akaniuliza namshukuru nini. Kawale nilizunguka saa nzima sokoni kabla ya kuiona gereji.

Bwana Mbewe alikuwa chini ya pikipiki. Akatoka, akashtuka kuniona. "Mama Wilondja? Kijana anaumwa?"

"Hapana, Bwana. Siku ile nilikudanganya. Mulima hajapanda. Tope hajaona. Ameendesha mwezi moja, na moto ya mchungaji, kwa njia muzuri."

Alifuta mikono kwenye tambara, kidole kwa kidole. Mafundi wake wawili waliacha kugonga.

"Mama, ungeniambia Jumanne ningetafuta mtu," akasema. "Leo Jumamosi. Hao wageni nawapa nani?"

"Sijui, Bwana."

"Na yeye mwenyewe alikuwepo. Mbona hakusema?"

Nikamwambia hakusema kwa sababu mama yake alikuwa anazungumza. Sijui kama ni kweli, lakini nilikutetea hapo, na sitajuta. Nikageuka niondoke. Ndipo akasema atafunga gereji na kuwapeleka wageni mwenyewe.

"Aje," akasema. "Lakini atakaa nyuma yangu. Mvua zote hizi, nyuma. Aone njia, aone vibanda, asukume tukikwama. Pikipiki hagusi mpaka ardhi ikauke. Na akija na hasira zake, simtaki."

Mshahara pia si ule aliokutajia. Utakuwa wa msaidizi, nao ni mdogo, na sikuwa na uso wa kubishana.

Sasa umejua. Umeshawaambia kwaya nzima kwamba wewe ndiye utakayetangulia, nasikia wanakupigia vigelegele sasa hivi, na mimi ndiye niliyekuvunjia jambo hilo mbele ya mafundi ambao kesho utakula nao sahani moja. Watakutania. Watakuita mtoto wa mama, na hutakuwa na la kujibu, maana mama alikuja kweli, na kilemba chake kimekaa upande. Naumia kwa ajili yako. Lakini singeweza kungoja mtu aje kuniambia wamekukuta wapi.

Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, na nitakuambia uisome ukishapanda matola, si kabla. Najua ni woga. Ningetaka kuona uso wako ukisoma, na pia sitaki hata kidogo. Ukikasirika, kasirika na mimi, nimekaa hapa, siendi popote. Ukitaka kuteremka njiani urudi, rudi. Nitapika, tutakula, na sitakuuliza kitu.

Lakini kama utafika Kawale, usimwambie Bwana Mbewe kwamba mama yako ana wasiwasi wa kizee. Mwambie ni kweli, hujui. Sema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya wale mafundi, maana mimi ilinichukua miaka ishirini na ndiyo maana nimechoka hivi. Kisha akikuonyesha kiti cha nyuma, panda, mwanangu, na ushike vizuri.

Mama yako